Samaki Niliyemtaka Mlimani

Mwanangu Saadia,

Umekwenda Idsowe kumuaga bibi yako, na baba yako yuko nje anapambana na zipu ya begi lako. Nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu. Sikuulizi hali, kwa sababu hali yako naiona: tangu juzi hunisemeshi ila kwa "ndiyo Mama" na "hapana Mama". Hali yangu mimi ni kwamba nina hasira, na hasira yenyewe sijui niipeleke wapi. Ndiyo maana naandika. Nikisema kwa mdomo nitaharibu tena.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutompa mtu begi akushikie ndani ya basi, watu wamekuambia mpaka umechoka. Siyarudii. Nataka kulijibu lile neno ulilonitupia jikoni.

Ulikuwa unanieleza kazi ya huko kwenye kituo cha kuzalishia trauti. Ukasema hutakuwa mtu wa kulisha vifaranga vya samaki tu, utafundishwa pia kuvua kwa mwanzi na nzi wa manyoya, ili uwatembeze wageni mtoni. Nami nikasema, "Huko sasa ni baridi, na wakati wa baridi samaki hao hawashiki. Utaaibika bure." Ukanitazama, ukasema taratibu kabisa, "Mama, wewe ulishindwa. Mimi sijajaribu bado."

Nikaacha sima motoni nikatoka nje. Ulidhani nimekasirika kwa sababu umenikosea adabu. Hapana. Nilikasirika kwa sababu neno lako lilikuwa kweli nusu, na nusu ya pili hujawahi kuisikia sawasawa. Shangazi yako hukuhadithia kama kichekesho: mama yako, na tumbo lake, alivyoanguka mtoni akifukuza samaki wa wazungu. Watu hucheka, na mimi hucheka nao. Lakini nilikuwa pale, na haikuwa kichekesho.

Baba yako alikuwa dereva wa greda wa serikali. Hata mwaka wa ndoa tulikuwa hatujaumaliza alipohamishiwa mlimani, kwenye barabara mpya iliyokuwa ikichongwa kando ya kijito kimoja kinachoingia Sagana, mto ule unaoshuka ukawa Tana yetu. Alifurahi mno. Kule kulikuwa na kazi ya maana, udongo mwekundu unaokaa ukiupanga, si huu wetu mweusi unaomeza magurudumu. Na mkubwa wake alikuwa amemwahidi usimamizi barabara ikikamilika. Tulipewa nyumba ya mbao karibu na mto. Mimi nilikuwa sijawahi kuvaa soksi maishani mwangu.

Mwezi wa sita ulipoingia, ukungu ulishuka ukakaa. Nguo nilizianika asubuhi nikazianua jioni zikiwa mbichi vilevile. Mafuta ya nazi yaliganda ndani ya chupa, nikawa nayachokoa kwa kijiti. Na wewe ulikuwa tumboni, unataka samaki. Hukutaka nyama, hukutaka maharagwe, hukutaka vile viazi vyao vilivyopondwa na mahindi. Ulitaka samaki. Niliota kambare wa kuchoma nikaamka nimelowesha mto wa kulalia kwa mate. Usicheke.

Sokoni samaki hawakuwapo. Watu wa kule siku hizo hawakula. Jirani yangu Mama Njeri, mwanamke mpana mwenye huruma nyingi na maneno machache, nilipomuuliza wapi nitapata samaki alikunja uso. "Hiyo ni ndugu ya nyoka," akasema. "Wewe kula kuku."

Lakini mto ulipita nyuma ya nyumba, na kila nilipokwenda kuchota maji niliwaona. Taabu ilianzia hapo. Wewe umezaliwa kando ya mto wetu huu, mwekundu kama chai ya maziwa. Samaki humwoni mpaka ametoka. Maji ya kule yalikuwa kama kioo. Trauti alikuwa amesimama chini, juu ya changarawe, madoadoa yake unaweza kuyahesabu, anatikisa mkia kidogo tu. Ananiona, namwona. Mtu anayekosa samaki asiyemwona huenda zake nyumbani. Anayemwona kila siku na asimpate huharibika akili.

Nikafanya nilichojua. Nilikata fito, nikasuka mgono kama wa bibi yako, ule mtego wa samaki unaopanuka mdomoni na kuchongoka nyuma, nikautega penye mkondo. Asubuhi yake nilimkuta mwanamume mrefu mwenye koti la mvua ameushika mkononi. Alikuwa askari wa samaki.

"Mama, hii ni nini?"

"Mgono."

"Wa nani?"

"Wangu. Navua."

"Mto huu hauvuliwi hivyo. Hapa ni mwanzi na nzi, tena kwa kibali."

Nikamwambia, "Maji haya yakitoka hapa yanakwenda kwetu. Huko chini hakuna anayemuuliza mtu anavua kwa nini."

"Basi wewe wangoje huko chini," akasema, akaukanyaga mgono wangu mpaka ukalala.

Nilirudi nyumbani nikalia, kisha nikamwambia baba yako kwamba nikijitupa mtoni nitafika kwetu kabla ya barua yoyote nitakayoandika. Baba yako ndivyo alivyo, ukimpiga kwa neno hulipokea akaenda kulilaza mahali.

Yule askari hakuwa mtu mbaya. Wakati ule nilimwona shetani, lakini siku chache baadaye alirudi na mwanzi wake mkuukuu na kibali alichokwisha kukiandika. Alinitazama tumbo, akautegemeza mwanzi mlangoni. "Ukivua kwa huu, sina neno na wewe," akasema. Akanionyesha namna ya kufunga ndoana ndogo kwa uzi na manyoya ili ifanane na mdudu, na manyoya yenyewe tukayachomoa kwa jogoo wa Mama Njeri, jogoo akipiga kelele na Mama Njeri akitikisa kichwa. Alinifundisha kurusha mshipi pale majanini. "Polepole," aliniambia. "Usipige kama mtu anayefukuza ng'ombe."

Basi nikaanza, nami nitakuambia ilivyokuwa ili usije ukadhani wewe ndiwe wa kwanza. Ndoana ilinasa kwenye leso yangu. Ilinasa kwenye mti. Ilininasa sikio. Mshipi ulijisokota ukawa kama kiota, nikakaa juu ya jiwe kuufumua kwa vidole visivyosikia kitu, na nilipomaliza ilikuwa saa ya kupika. Kuingia majini nako nilikuogopa. Huku kwetu mtu aliyesimama mtoni maji yakiwa magotini anatafuta kuliwa na mamba. Kule hakuna mamba, niliambiwa mara nyingi, lakini miguu yangu haikuambilika. Niliingia nikitazama nyuma, na baridi ikaniuma mpaka kwenye meno.

Nilikwenda alfajiri, kwa sababu wavuvi wetu hutoka alfajiri. Askari alinikuta mara moja nikitetemeka, akasema, "Mama, samaki huyu wakati wa baridi ni kama mzee. Hakifuati chakula, hungoja kiletwe. Rudi kulala. Njoo jua likiwa juu, na umwache nzi azame hadi chini, apite mbele ya mdomo wake."

Nilimsikia, na kesho yake nikaenda alfajiri. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo nikilikumbuka. Nilikuwa nimeambiwa waziwazi, na mtu anayejua, bila kiburi, bila malipo. Nikaona kumfuata ni kukubali kwamba mimi, mtoto wa Tana niliyekulia juu ya mto, sijui kuvua. Nikawa nashindwa kwa njia yangu, kila siku, kwa ukaidi kama mtu aliyelipwa.

Baba yako alirudi jioni akakuta jiko limezimika na mke ana miguu ya barafu.

"Zena, acha basi," akasema.

"Nitaacha nikimpata."

"Nitakutafutia samaki wa kukausha. Nitamwagiza dereva wa lori."

"Sitaki wa kukausha."

Sijui kwa nini nilimjibu hivyo. Ningekula wa kukausha na nikashiba. Lakini kufikia hapo nilikuwa sitaki tena kula samaki, nilitaka kumshinda.

Siku moja nikachelewa kwa kufua, nikafika mtoni jua limetoka. Nilikuwa nimechoka hata kurusha vizuri. Nzi aliangukia juu ya kidimbwi kirefu, akazama, nikamwacha tu kwa uvivu. Mshipi ukasimama. Nikavuta kama tunavyomvuta kambare, kwa mabega yote mawili, maana kambare usipomtoa haraka mamba atakutolea. Mshipi wa kule ni mwembamba kama uzi wa buibui. Ukakatika, na nguvu niliyokuwa nimeiweka ikanirudia mwenyewe. Nilianguka chali kwenye mawe, maji yakanipita usoni.

Nilipoinuka tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma.

Sikumbuki nilivyopanda ule mteremko. Namkumbuka Mama Njeri akija mbio, mikono ina unga, akanishika kwapani akanipeleka kwake. Alinivua nguo zote kama mtoto, akanifunga blanketi, akanilaza kando ya moto na kunipa uji. Uchungu ulikuja ukapoa, ukaja tena. Kila ulipokuja alinishika mkono akanung'unika kwa lugha yake. Alisema neno moja tu la Kiswahili, "Wewe ulikuja huku kukufa?"

Baba yako alifika na viatu vya matope. Alisimama mlangoni mwa watu, hakuingia.

"Unataka kuniulia mtoto kwa ajili ya samaki?"

Nami, badala ya kusema naogopa, kwa sababu nilikuwa naogopa kuliko siku yoyote, nikamwambia, "Wewe ndiwe uliyenileta. Nirudishe kwetu. Usiponirudisha, huyu mtoto akipotea damu yake ni yako."

Mwanangu, neno hilo nalijua uzito wake sasa. Wakati ule lilitoka kama kikohozi.

Uchungu ulitulia. Hukupotea. Baba yako alikaa usiku ule pembeni yangu, na siku zilizofuata aliandika maombi ya kurudishwa Garsen kwa sababu ya afya ya mke. Alinisomea. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko sasa. Mkubwa wake alimsihi angoje mpaka barabara iishe, akamkumbusha ile ahadi ya usimamizi. Baba yako akasema atafikiri, karatasi ikabaki ndani ya koti lake.

Mimi nilikatazwa kwenda mtoni. Nikakaa ndani kiasi, kisha nikaenda. Safari hii nilikwenda jua likiwa juu. Sikuingia majini. Nilimwacha nzi azame, akapita polepole chini, na mshipi uliposimama niliinua ncha ya mwanzi tu, kama mtu anayeinua kifuniko cha chungu aangalie wali. Samaki akawa wangu. Alipigana kidogo. Alikuwa mdogo kuliko kiganja na kidole, baridi mkononi kama sarafu.

Nilimpika kwa kitunguu na chumvi, nazi sikuwa nayo. Nikamwita Mama Njeri ashuhudie. Nikala kipande cha kwanza. Nyama ilikuwa laini, nyeupe, haina harufu ya matope, haina harufu ya kwetu hata kidogo. Ilipofika chini, wewe tumboni uliikataa. Nilitoka nje nikatapika mpaka machozi yakatoka. Niliporudi nilimkuta Mama Njeri, ambaye hajawahi kula samaki tangu azaliwe, amefumba macho anatafuna kile kilichobaki. Akafumbua.

"Ni hii tu?" akasema. "Hii ndiyo ulikuwa unataka kukufia?"

Tukacheka sote wawili mpaka nikashika mbavu. Nakuapia, jioni hiyo nilikuwa mzima. Sikutaka samaki tena. Baridi niliiona kama baridi tu. Nilikuwa na rafiki, nilikuwa na mwanzi ninaoujua, nilikuwa na nyumba. Ningeweza kukaa.

Na baba yako akarudi, akatoa ile karatasi kwenye koti akaiweka mezani. "Kesho mkubwa anakwenda mjini," akasema. "Nimpe?"

Ilikuwa kazi ya neno moja. Ningesema "ngoja". Ningesema "nimepata samaki". Lakini nilikuwa nimeshalia sana, nimeshamlaumu sana, na niliona aibu kumwambia kwamba kumbe ningeweza. Nikasema, "Fanya unavyoona." Kwa mke aliyesema niliyoyasema, maana yake ilikuwa mpe.

Akampa. Tukarudi, ukazaliwa huku.

Yaliyobaki umeyaona mwenyewe. Alipewa greda la zamani, likafa kwenye matope ya njia ya Lamu na kusubiri vipuri mpaka kwale wakataga chini yake. Serikali ilipopunguza watu akapunguzwa. Akageukia migomba, na mafuriko haya ya El Nino yakaja yakaifagia kama hakuna aliyepanda. Ulimwona siku ile tuliyorudi kutoka kambini, alivyosimama kwenye tope akitafuta mpaka wa shamba lake kwa miguu. Hakulalamika. Miaka yote hii hajawahi kuniambia, "Zena, ni wewe." Nimemngoja aseme. Nimemchokoza makusudi ili aseme, nikampikia vibaya, nikamgombeza kwa vitu visivyo na maana, ili yatoke na mimi nipate kujitetea. Hasemi. Huwezi kujua inavyochosha kuishi na mtu ambaye hakulaumu.

Basi ulipokuja na habari ya kazi, na jina la mlima ule ule likatoka mdomoni mwako, sikusikia kazi. Nilisikia baridi, na mawe, na tumbo kukaza. Nikakuambia samaki hawashiki na utaaibika. Nilisema uongo. Wanashika. Wanashika wakati wa baridi kwa mtu anayekubali kungoja jua, anayemwacha nzi azame, asiyevuta kwa mabega. Haya yote nayajua, na nimekaa nayo Garsen maisha yako yote bila mtu hata mmoja wa kumwambia, maana hapa nani ana haja nayo? Na sasa unakwenda kufundishwa na mgeni kwa siku mbili tatu kile kilichonigharimu mimi msimu mzima. Hilo nalo linanikera, nisikufiche. Ningependa uwe umeniuliza mimi. Lakini ungeniulizaje, wakati nilikuwa nimeshakuambia utashindwa?

Umesema nilishindwa. Nilimpata mmoja, mwanangu. Nilishindwa baadaye, ndani ya nyumba, mezani, kwa neno moja ambalo halikuhitaji mwanzi wala kibali. Ukifika mahali ukalaumu watu mpaka ukaona aibu kugeuka, geuka na aibu yako. Mimi sikuweza, na sijui kama ni kwa sababu nilikuwa mdogo au kwa sababu ndivyo nilivyo.

Nilipofika hapa baba yako aliingia. Niliifunika karatasi kwa kiwiko, na sasa ametoka, acha nikuandikie kabla sijasahau alivyosema.

"Zipu imekubali," alisema, akaweka begi chini. Hakuondoka.

"Kuna nini?"

"Nafikiri nimsindikize."

"Mpaka Mombasa?"

"Mpaka juu."

Nikamtazama. Tangu mafuriko hajavuka hata daraja.

"Kufanya nini huko juu?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

"Nataka kuona kama waliimaliza ile barabara," akasema. Kisha, kama mtu aliyeomba kikubwa mno, "Ukiona haifai, basi."

Saadia, nilikuwa na majibu mengi mdomoni. Nani atalinda shamba, nauli, umri wake, kifua chake. Yote yalikuwa ya kweli. Nikamwambia, "Nenda." Nikasema tena kwa sauti, asije akadhani nimesema ninavyosemaga. "Nenda, Komora. Ungekuwa umeimaliza wewe."

Alilisogeza begi ukutani. Halafu akasema, "Ndiyo. Ningeimaliza." Ndilo neno pekee alilowahi kunilaumu nalo, na akalisema bila ukali, akatoka kwenda kutafuta viatu vyake.

Hivyo kesho mtakuwa wawili kwenye basi la msafara unaosindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi, na mimi nitabaki. Mkifika atataka kuitembea barabara hiyo kwa miguu, kutoka mwanzo. Itakuwa baridi na wewe utakuwa na haraka ya kuripoti kazini. Tembea naye. Akisimama kwenye kona kutazama udongo, simama. Akisema mahali fulani walikosea mteremko, muulize walikosea nini, hata kama huelewi. Na usimuulize atarudi lini. Mimi sikumuuliza.

Mama yako,
Zena